Kukabiliana na ukakamavu wa viungo na misuli wakati wa kipupwe katika Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, katika Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Uporoto, nchini Tanzania, siku huanza kwa ukungu na upepo wa kusini-mashariki unaopenya hadi ndani ya sweta, na kwenye uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, sakitu huonekana juu ya majani alfajiri. Katika majira hayo watu wengi hulalamika kwamba magoti hayakunjuki, kiuno kimekaza na vidole havishiki mpini wa jembe mpaka jua lipande. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupunguza hali hiyo nyumbani, shambani na barabarani, na namna ya kutambua pale ambapo tatizo limevuka kuwa la baridi tu na linahitaji tiba. Msimamo wangu nautanguliza mapema: joto lina faida, lakini faida yake kubwa ni kukuwezesha kujongea, na mtu anayejikunyata kando ya moto tangu asubuhi hadi adhuhuri ataamka kesho yake na magoti yaleyale.

Baridi hufanya nini mwilini

Ngozi inapopata baridi, mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni, kwenye moyo, ini na ogani nyingine ambazo lazima zibaki na joto. Vidole, viwiko na magoti hupokea damu kidogo, na nyama zake hupoa. Misuli iliyopoa hukaza na kulegea polepole kuliko kawaida, neva hupitisha taarifa kwa kasi ndogo, kano hupungua unyumbufu, na ute unaolainisha maungio huwa mzito kiasi. Mabadiliko hayo kwa pamoja ndiyo yanayomfanya mtu ashindwe kufunga vifungo vya shati saa kumi na mbili asubuhi, ilhali kufikia saa tano anachimba viazi bila taabu.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko la kwanza, ni kwamba wakati wa baridi watu hupunguza mwendo. Hulala wamejikunja, huchelewa kutoka nje, na hukaa muda mrefu juu ya kigoda kifupi kando ya mafiga. Gegedu, yaani tishu laini na nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa yake ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa maungio, na ute huo husambaa na kuipenya pale kiungo kinapobebeshwa uzito kisha kikaachiwa, tena na tena, kama inavyotokea mtu anapotembea. Kiungo kisichosogezwa kwa saa nane za usiku na nyingine tatu za asubuhi hukakamaa hata pasipokuwa na baridi.

Kuhusu swali la iwapo hali ya hewa yenyewe huongeza maumivu, ushahidi uliopo hauko upande mmoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019 na kutumia taarifa ambazo watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya muda mrefu walizituma kwa simu zao, ulionyesha uhusiano mdogo kati ya maumivu na hewa yenye unyevunyevu mwingi, mgandamizo mdogo wa hewa na upepo mkali, wakati halijoto peke yake haikuonyesha uhusiano ulio wazi. Kwa hiyo mzee anayesema goti lake hutangulia kuijua mvua hastahili kuchekwa. Hata hivyo, anayeamini kwamba baridi ndiyo iliyomletea ugonjwa wa maungio anakosea, kwa kuwa baridi huzidisha dalili za ugonjwa uliokwishakuwapo, na haili gegedu.

Maandalizi yaanze jioni

Asubuhi nzuri hutegemea namna usiku ulivyopita. Godoro jembamba lililowekwa juu ya sakafu ya saruji, au juu ya chaga zilizoachana, hupoteza joto kwa upande wa chini, kwa sababu uzito wa mwili huigandamiza sponji mpaka hewa iliyomo, ambayo ndiyo inayozuia baridi, inabaki kidogo sana. Watu wengi huongeza blanketi la tatu juu yao na kusahau upande huo. Tandika mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa, au blanketi kuukuu, chini ya godoro, kisha utaona tofauti kiunoni na mabegani. Vaa soksi kavu, si zile ulizoshinda nazo, pamoja na mzula kichwani. Mtu anayelala ubavu aweke mto mdogo au shuka lililokunjwa katikati ya magoti, na ajitahidi asijikunje kabisa, kwa maana nyonga na magoti yaliyokunjwa usiku kucha ndiyo yanayokataa kunyooka alfajiri.

Chupa au mpira wa maji ya moto, uliofungwa kwa taulo, unaweza kuwekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala ili kuondoa ubaridi wa mashuka. Maji yasiwe yanayochemka, na kwa watoto, wazee na watu wenye kisukari chombo hicho kiondolewe kabla hawajalala.

Kuhusu jiko la mkaa, hapa hapana nafasi ya kubembelezana. Usiliingize chumbani kwa ajili ya kuota moto, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi wowote. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ya ile ya oksijeni, kiasi kwamba mtu hukosa hewa huku akiwa anapumua. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao wengi hawaamki kutoka humo. Atakayeziona dalili hizo atoke nje mara moja, awatoe na wenzake, na wapelekwe hospitali hata kama wamepata nafuu. Kuota moto kufanyike jikoni penye uwazi wa kutosha au barazani, na jiko libaki nje pindi familia inapokwenda kulala.

Dakika kumi kabla ya kushuka kitandani

Sehemu hii ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, kwa kuwa haina gharama na huweza kufanywa na mtu wa umri wowote. Ukishaamka, usishuke ghafla. Baki chini ya blanketi, ambako tayari pana joto la mwili wako mwenyewe, na uanze na vifundo vya miguu: vuta nyayo zielekee kwako, kisha zinyooshe zielekee mbali, mara kumi hadi kumi na tano, halafu zungusha kila mguu upande mmoja na mwingine. Baada ya hapo telezesha kisigino juu ya shuka kuelekea makalio mpaka goti likunjike kadiri linavyoruhusu, kisha lirudishe taratibu. Fanya hivyo mara kumi kwa kila mguu. Goti likigoma katikati, usilisukume kwa nguvu. Rudia mwendo ule mfupi linaouruhusu, na kwa kawaida ifikapo mara ya sita au ya saba litakuwa limeongeza nafasi lenyewe.

Kwa kiuno, kunja magoti yote mawili huku nyayo zikiwa juu ya godoro, kisha yaegemeze pamoja upande wa kulia na kurudi upande wa kushoto, polepole, bila kuinua mabega. Halafu kumbatia goti moja kuelekea kifuani kwa muda wa sekunde ishirini, uliachie, na ufanye vivyo hivyo kwa jingine. Mabega yapandishwe kuelekea masikioni na kushushwa, kisha yazungushwe nyuma. Shingo igeuzwe kulia na kushoto tu, na iinamishwe kwa upole. Kuizungusha duara zima, kama wafanyavyo vijana uwanjani, hakufai kwa mtu mwenye shingo iliyokaza au mwenye umri mkubwa.

Vidole vinahitaji uangalizi wao. Fumba ngumi bila kukaza sana, fumbua mpaka vidole vitandazike kabisa, kisha gusisha ncha ya kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole, kimoja baada ya kingine. Kwa mwenye vidole vinavyouma kila asubuhi, njia bora zaidi ni kuyafanya mazoezi hayo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi mara tu baada ya kutoka kitandani. Mwenye nyumba anayechemsha maji ya chai anaweza kutenga lita mbili au tatu kwa kazi hiyo. Baada ya hapo mikono ikaushwe vizuri, kwa sababu mkono wenye majimaji ukipigwa na upepo hupoa haraka kuliko ulivyokuwa kabla ya kuchovywa.

Wakati wa kuinuka, geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, kisha keti ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja. Kuketi huku kuna maana hasa kwa wanaotumia dawa za shinikizo la damu, ambao presha yao huweza kushuka wakisimama ghafla. Ukishasimama, shika meza au ukingo wa dirisha, uketi kwenye kiti na kuinuka mara tano hadi kumi, huku ukitumia mapaja zaidi ya mikono. Misuli ya mapaja yenye nguvu hulipunguzia goti mzigo, na mtu mwenye goti lililochakaa atanufaika zaidi kwa zoezi hili moja kuliko kwa marhamu yoyote ya kuchua.

Maumivu kidogo yanayofifia kadiri unavyoendelea si sababu ya kuacha. Lakini maumivu ya ziada yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, ni ishara kwamba umezidisha, na siku inayofuata upunguze idadi badala ya kuacha kabisa.

Shambani, kwenye chai na zizini

Kosa la kawaida ni kutoka kitandani na kwenda moja kwa moja kwenye kazi nzito. Misuli iliyopoa huchanika kirahisi inapobebeshwa ghafla gunia la viazi au gogo la mti. Tembea dakika tano hadi kumi kwa mwendo wa kuchangamka, kisha anza na kazi nyepesi kama kupanga zana, kukata majani ya mifugo au kufagia, na uache kulima na kubeba mizigo mpaka mwili uwe umepata joto. Kabla ya kazi, mazoezi yawe ya kujongea, kama vile kupunga mikono, kupandisha magoti na kuchuchumaa nusu. Kujinyoosha kwa kushikilia mkao mmoja kwa sekunde ishirini au thelathini kuwekwe jioni, misuli ikiwa na joto, na kusiwe kwa kurukaruka au kudundadunda.

Adui wa pili ni maji. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi takriban mara 25 ya ile ya hewa tulivu, na ndiyo maana wachumaji wa chai, wanaoingia shambani umande ukiwa bado mzito, hupata taabu ya mapaja na magoti kuliko mkulima wa mahindi aliye katika baridi hiyohiyo. Aproni ya plastiki inayofika chini ya magoti si ya kulinda nguo tu. Vivyo hivyo, jasho la mtu aliyelima kwa saa mbili hubaki kwenye fulana ya pamba, na anapoketi kupumzika upepo hulipoza mgongoni. Kiuno kikikaza baada ya mapumziko, mara nyingi sababu ni hiyo. Chukua fulana kavu ya kubadilisha, na vaa nguo kadhaa nyepesi unazoweza kuzipunguza kabla hujatoka jasho, badala ya koti moja zito. Katika mitumba, sweta za sufu zinafaa kuliko zile za pamba, kwa kuwa sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu.

Buti za mpira huzuia maji lakini hazizuii baridi. Jozi mbili za soksi husaidia iwapo tu buti lina nafasi, kwani soksi zikibana, damu haifiki vidoleni na miguu hupoa zaidi. Wanaokamua ng'ombe kwa mkono wasafishe chuchu na mikono yao kwa maji ya uvuguvugu, jambo ambalo ni adabu nzuri kwa ng'ombe pia. Kwa kazi za kuinama, badilisha mkao kila baada ya nusu saa: simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma kidogo mara kadhaa, na utembee hatua chache. Jembe lenye mpini mfupi mno kwa kimo chako litakuumiza kiuno katika majira yoyote.

Waendesha bodaboda wana shida yao. Halijoto ikiwa nyuzi 10 za selsiasi, upepo wa kilomita 40 kwa saa huifanya ngozi ihisi kana kwamba ni nyuzi 6, na ikiwa nyuzi 5, huhisi kana kwamba imeshuka chini kidogo ya sifuri. Wengi wao hujua kukinga kifua, kwa koti lililovaliwa kinyume au boksi lililokunjuliwa, lakini huacha magoti na viganja, ambavyo ndivyo vinavyokata upepo. Suruali ya mvua iliyovaliwa juu ya suruali ya kawaida, hata siku isiyo na mvua, na glovu zinazofunika viganja hadi juu ya kifundo cha mkono, zina thamani ya fedha yake. Safari ikizidi dakika arobaini na tano, teremka, piga hatua chache na ukunje magoti kabla ya kuendelea.

Kukanda, kuchua na vinywaji vya kutia joto

Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, au mpira wa maji ya moto, uwekwe kwenye misuli iliyokaza kwa dakika 15 hadi 20, si zaidi, na pawepo kitambaa kikavu kati yake na ngozi. Mara baada ya kuondoa joto hilo, kisogeze kiungo. Ukilala tena, kitapoa na kukaza upya. Kiungo kilichovimba, chenye wekundu na joto chenyewe hakikandwi kwa maji ya moto. Hicho hupozwa kwa barafu au maji baridi katika kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, na mgonjwa apelekwe kuchunguzwa.

Dawa za kuchua zenye mentholi, kafuri au methili salisileti huleta hisia ya joto au ubaridi kwenye ngozi na kupunguza maumivu kwa muda. Hazifai kutumiwa pamoja na mpira wa maji ya moto, kwa sababu ngozi huweza kuungua, wala kupakwa penye kidonda, na wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda wasizitumie bila kumwuliza daktari. Anayekuchua afanye kwa upole, na asichue kamwe tumbo la mguu lililovimba upande mmoja na kuuma, kwani huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa.

Chai ya tangawizi na uji wa moto huchangamsha mwili na kumfanya mtu anywe maji ya kutosha, jambo ambalo watu husahau wakati wa baridi, lakini haviponyi maungio. Pombe ni kinyume kabisa. Mnywaji wa komoni au ulanzi huhisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na joto hilo analolihisi ndilo analolipoteza. Kwa mwenye jongo (gauti), pombe na nyama nyingi huweza kuamsha uvimbe mkali wa kidole gumba cha mguu usiku huohuo.

Dawa za maumivu

Kwa maumivu ya kawaida ya mtu mzima, parasetamoli ya miligramu 500 hutumiwa vidonge viwili kwa wakati mmoja, kwa nafasi isiyopungua saa nne hadi sita, bila kuzidi vidonge vinane katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe nyingi au mtu mwenye mwili mdogo sana atahitaji kiasi pungufu. Kwa goti na vidole, jeli ya diklofenaki ya kupaka ijaribiwe kabla ya vidonge, kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

Vidonge na sindano za diklofenaki, pamoja na ibuprofeni, hununuliwa katika maduka ya dawa kana kwamba ni peremende, na hapa ndipo madhara yanapotokea. Dawa hizo huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, na hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, kwa mjamzito hasa baada ya wiki ya 20, wala kwa mwenye pumu ambaye ziliwahi kumbana kifua. Anayetumia ARV zenye tenofovir, dawa iliyo katika kidonge kinachotumiwa na watu wengi nchini, asitumie diklofenaki kwa siku nyingi bila kuwaeleza wahudumu wa kliniki yake, kwa sababu zote mbili huelemea figo. Jihadhari pia na vidonge visivyo na lebo vinavyofungwa kwenye karatasi na kuuzwa kuwa vinamaliza baridi yabisi. Nafuu ya ajabu ndani ya siku moja mara nyingine hutokana na deksamethasoni au prednisoloni, dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na haziachwi ghafla bila hatari.

Wenye tahadhari ya pekee

Kwa mtu mwenye selimundu (sikoseli), baridi si usumbufu wa asubuhi tu, kwani hubana mishipa na kuweza kuanzisha mashambulizi ya maumivu makali ya mifupa. Mtoto mwenye hali hiyo avalishwe vizuri, asioge maji baridi, anywe maji mengi, na akianza kulia kwa maumivu ya mikono au miguu asichukuliwe kuwa amepigwa na baridi kama wenzake. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi asipime joto la maji kwa mguu. Apime kwa kiwiko, au mtu mwingine ampimie, na asiisogeze miguu karibu na moto, maana ataungua bila kujua. Wale ambao vidole vyao hubadilika vikawa vyeupe, kisha vya buluu, kisha vyekundu kila wanapogusa maji baridi, wavae glovu kabla ya kutoka nje, waache sigara, na hali hiyo waitaje kwa daktari. Mtu anayeona baridi kuliko wenzake wote nyumbani, huku akichoka, akinenepa bila sababu na misuli yake ikikaza, apimwe tezi ya shingo, hasa katika nyanda hizi ambazo rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, lilikuwa la kawaida kabla chumvi yenye madini joto haijaenea.

Wakati wa kwenda hospitali

Ukakamavu unaotokana na kuchakaa kwa gegedu kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Ukidumu saa moja au zaidi kila asubuhi, kwa wiki sita au zaidi, pamoja na uvimbe wa vidole au vifundo vya mikono ya pande zote mbili, yawezekana ni baridi yabisi ya kinga ya mwili kushambulia maungio, na hiyo ina dawa zake ambazo hufaa zaidi zikianzishwa mapema. Maumivu ya uti wa mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito yapimwe kifua kikuu cha mifupa.

Yapo mengine ambayo hayangojei kesho. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto, na mgonjwa ana homa. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Taya linalokataa kufunguka kwa mtu aliyejikata kwa jembe au kuchomwa na msumari siku au wiki chache zilizopita, ambayo ni dalili ya pepopunda. Bega au mkono wa kushoto unaouma pamoja na kubanwa kifua na kutokwa jasho jembamba, hasa asubuhi ya baridi kali, kwa sababu moyo nao hubebeshwa mzigo mkubwa mishipa inapojibana. Miguu inayopoteza nguvu au ganzi ya sehemu za siri kwa mwenye maumivu ya kiuno.

Unapokwenda kuonana na mganga, andika kabla ni kwa dakika ngapi viungo hubaki vigumu baada ya kuamka, ni viungo vipi, na kama vinavimba, kwa sababu muda huo pekee humwongoza katika kutofautisha aina mbili kuu za ugonjwa. Beba pia pakiti za dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizopewa na jirani.